Mizani ya Durham: halmashauri ya kaunti ni ya nani?

Maneno haya niliyasema Jumamosi mchana mbele ya Waswahili tunaoishi Kaunti ya Durham, kaskazini-mashariki mwa Uingereza. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni, nikapunguza marudio tu.

Wazee wetu, shikamooni. Mama zangu, ndugu zangu, wadogo zangu, hamjambo. Poleni kwa safari, hasa mliotoka mabonde ya juu ya Weardale ambako basi hupita kwa nadra.

Mlinialika niseme jinsi halmashauri yetu ya kaunti inavyofanya kazi. Nilikubali haraka. Baadaye nikakaa nikajiuliza: hivi nikisimama kueleza idara na kamati, nani atakumbuka kitu akifika nyumbani? Kwa hiyo nitawapa historia. Ukijua nani alikigombania kiti cha uongozi wa halmashauri, ukijua nani alikipata na nani alikipoteza, hizo kamati utazielewa zenyewe.

Tuanze na mtu mmoja, Peter Lee. Wengi wenu mmepita mji wa Peterlee, na wengine mnafanya kazi viwandani kule. Jina la mji ni jina lake. Alizaliwa Trimdon mwaka 1864, na alipofika miaka 10 alikuwa tayari anafanya kazi mgodini. Fikirieni mwanao wa darasa la nne anashushwa chini ya ardhi kabla jua halijachomoza. Alipokuwa kijana alitafuta riziki Marekani, kisha Afrika Kusini, kisha akarudi nyumbani. Katika kijiji cha Wheatley Hill wachimbaji wenzake wakamchagua kuwa mhakiki wa mizani.

Hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu kazi hiyo ndiyo ufunguo wa hadithi yote. Mchimbaji wa makaa ya mawe alilipwa kwa uzito wa alichochimba. Makaa yalipofika juu yalipimwa na mtu wa mwenye mgodi. Yule wa chini, aliye gizani, atajuaje kama kapimiwa kwa haki? Ikabidi wachimbaji wadai haki ya kuweka mtu wao pale kwenye mizani, wamlipe wenyewe kutoka mifukoni mwao, ili mwenye mgodi asimlainishe. Sheria ya mwaka 1860 iliwapa haki hiyo. Mhakiki wa mizani alikuwa mtu wa kuaminika kuliko wote kijijini: anajua hesabu, haogopi mabwana, na wenzake wakimtilia shaka wanamwondoa. Kwenye mizani ndipo viongozi wengi wa wachimbaji wa Durham walipojifunzia siasa.

Sasa turudi nyuma kidogo. Nchi hii ya Durham kwa mamia ya miaka ilikuwa chini ya askofu. Si kwa maana ya ibada peke yake. Askofu wa Durham alikuwa na mahakama zake, alipiga sarafu zake, alikusanya askari wake kuilinda mipaka dhidi ya Waskoti. Mabaki ya madaraka hayo yalirudishwa kwa mfalme mwaka 1836 tu. Baada ya hapo mambo ya kaunti, kama vile barabara, madaraja, polisi na magereza, yaliamuliwa na mahakimu wa amani, na mahakimu hao walikuwa wenye ardhi. Hawakuchaguliwa na mtu.

Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1888 ndiyo iliyoanzisha halmashauri za kaunti Uingereza na Wales. Uchaguzi wa kwanza ulifanyika Januari 1889 na halmashauri zikashika kazi Aprili mwaka ule. Ya Durham ilijijengea jumba la matofali mekundu pale Old Elvet, likafunguliwa mwaka 1898. Mkipita mtaliona bado. Siku hizi ni hoteli. Kwa miaka 30 ya mwanzo halmashauri ilikuwa ya wakubwa: wenye ardhi, wenye migodi na watu wao. Wachimbaji, ambao ndio waliokuwa wengi vijijini, walikuwa wachache mle ndani.

Mwaka 1919, mwaka mmoja baada ya vita kuu, mambo yakageuka. Chama cha Labour, yaani chama cha wafanyakazi, kilishinda, na Durham ikawa halmashauri ya kaunti ya kwanza Uingereza kushikwa na Labour. Mwenyekiti wake akawa Peter Lee. Yule mtoto wa miaka 10 wa mgodini, yule mhakiki wa mizani, amekaa kwenye kiti kilichokuwa cha mabwana wake.

Walikipoteza mwaka 1922. Wakakirudisha 1925. Na tangu 1925 hawakukiachia tena hadi 2021. Miaka 96, ndugu zangu! Vita imekuja na kupita, migodi imetaifishwa na kufungwa, mawaziri wakuu wamepishana Downing Street, na Durham ilibaki ya Labour.

Walikifanyia nini kiti hicho? Lee alikuwa na jambo moja moyoni: maji. Anayetoka kijiji cha bomba moja kwa mtaa mzima hahitaji kuelezwa. Vijiji vya migodi vilijengwa haraka na kampuni, vyoo vya nje, mifereji michafu, watoto wakiugua. Lee alisukuma ujenzi wa bwawa la Burnhope huko juu Weardale. Lilikamilika mwaka 1937, naye alifariki 1935. Hakuyaona maji yakijaa. Mtu akiniuliza siasa za mitaa ni za nini, namjibu kwa bwawa lile.

Kuna jambo jingine la miaka ile ambalo halisimuliwi sana na linaniuma lisiposimuliwa. Mwaka 1931, kazi zikiwa zimekwisha kila mahali, serikali ya London iliweka kipimo cha kipato. Mtu asiye na kazi, kabla ya kupewa msaada, alikaguliwa nyumba nzima: binti anapata nini, baba mzee ana pensheni gani, kuna kiti gani cha kuuza. Kamati ya halmashauri ya Durham ndiyo iliyopaswa kusimamia ukaguzi huo kwa watu wake. Ikakataa kuwabana. Iliendelea kuwapa watu msaada kamili, na mwaka 1932 serikali ikaiondoa kamati ile na kuleta makamishna wake kutoka nje wafanye kazi hiyo. Madiwani walijua watanyang'anywa madaraka. Walichagua kunyang'anywa.

Kama hadithi ingeishia hapo ningewaimbia sifa tu na kukaa. Haiishii hapo.

Mwaka 1951 halmashauri ileile, ya chama kilekile, madiwani wengi wao wakiwa watoto wa wachimbaji, ilipitisha mpango wa maendeleo wa kaunti. Vijiji vyote vikapangwa kwa madaraja manne, A hadi D. Daraja A, watu wataongezeka, wekezeni. Daraja D, mgodi umekwisha au unakwisha, kijiji hakina kesho. Vijiji 114 vikawekwa D. Maana yake, hakuna nyumba mpya itakayojengwa hapo, na nyumba zilizopo zikichakaa zitabomolewa, watu wahamie kwenye makazi mapya, Peterlee na Newton Aycliffe na kwingineko.

Nataka tuwatendee haki wale waliopanga. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wamekulia kwenye nyumba zenye unyevu na vyoo vya ndoo, na walitaka watoto wa Durham walale nyumba zenye bafu na bustani. Makaa ya magharibi mwa kaunti kweli yalikuwa yanakwisha. Lakini kijiji kwao kilikuwa doa kwenye ramani, na kwa aliyeishi mle kilikuwa kaburi la mama yake, kanisa dogo alimofunga ndoa, jirani anayemlelea mtoto akiwa zamu. Vijiji vingine vilibomolewa hadi nyasi zikaota juu yake. Vingine, kama Witton Park, vilipigania uhai wao na vipo mpaka leo, ingawa vilikatwa vipande. Sera hiyo ilifutwa mwaka 1977. Miaka 26.

Mimi ni mtunza wazee, kama wengi mlioko humu. Kuna bibi niliyemhudumia kwa muda mrefu, na kila jioni alikuwa ananihesabia majina ya majirani wa mtaa wake wa utotoni, mlango kwa mlango, upande wa kushoto kwanza, kisha wa kulia. Nilidhani ni kusahau kwa uzee, kumbe ni kukumbuka. Mtaa wenyewe haupo tena. Wale waliotoka Tanzania na wanaokumbuka miaka ya kuhamishwa vijijini wataelewa bila mimi kuongeza neno.

Nasema hivi kwa sababu wageni wengi wanadhani watu wa hapa waliigeukia Labour ghafla, juzi, kwa hasira za televisheni. Si ghafla. Imani ilikuwa ikivuja polepole kwa miaka mingi, kama maji kwenye mgodi ulioachwa bila pampu. Mgodi wa Easington, ambako watu 83 walikufa katika mlipuko wa mwaka 1951, ulifungwa mwaka 1993. Kiwanda cha chuma cha Consett kilikuwa kimefungwa tangu 1980. Baba aliyempigia Labour kura kwa sababu babu yake alimjua Peter Lee, alizaa mtoto ambaye kwake Peter Lee ni jina la stendi ya basi.

Mipaka nayo ilibadilika, na hili nitalipitia haraka maana huwachanganya watu. Mwaka 1974 kaunti ilipoteza Jarrow, Blaydon, Washington na sehemu nyingine za kaskazini kwenda Tyne and Wear, na upande wa Teesside ukaenda Cleveland. Darlington ikaletwa ndani, kisha mwaka 1997 ikatoka tena kujitegemea. Ndiyo maana ndugu zetu wa Darlington waliokuja leo hawalipi kodi halmashauri moja na sisi, ingawa wote tunasema tunaishi Durham.

Badiliko kubwa zaidi ni la mwaka 2009. Kabla ya hapo kulikuwa na ngazi mbili: halmashauri ya kaunti ilishika shule, barabara kuu na huduma za jamii, chini yake halmashauri saba za wilaya, Easington, Sedgefield, Derwentside na nyinginezo, zilishika taka, nyumba na vibali vya ujenzi. Tarehe 1 Aprili 2009 zile saba zikafutwa na kazi zote zikaingia mkono mmoja. Faida yake ni kwamba hujui tena kuzungushwa, huyu anakutuma kwa yule. Hasara yake ni umbali. Kaunti yenye watu zaidi ya 520,000, kutoka milima ya magharibi hadi pwani ya mashariki, ikiongozwa kutoka jumba moja mjini Durham. Kwa maoni yangu hasara hiyo haikupimwa vya kutosha.

Ndugu zangu wa Kenya wanaijua kaunti, lakini naomba wasiifananishe na ya kwao. Kenya nayo ilikuwa na kaunti kaunsili zilizorithiwa kutoka mfumo huu wa Kiingereza, hadi zilipoziachia nafasi serikali za kaunti 47 mwaka 2013. Kule mnachagua gavana kwa kura yenu. Hapa hakuna gavana wa kaunti. Mnachagua madiwani wa kata, nao madiwani wanamchagua kiongozi wa halmashauri kati yao, na kiongozi anaunda baraza lake dogo la watendaji. Kuna na mwenyekiti, lakini siku hizi huyo anaendesha vikao na kukata utepe. Mwenye usukani ni kiongozi. Kwa hiyo hesabu ya viti ni kila kitu.

Hesabu yenyewe ni hii. Mwaka 2013 Labour walikuwa na viti 94 kati ya 126. Mwaka 2017, viti 74. Mwaka 2021 wakabaki na 53, bado chama kikubwa kuliko vyote lakini bila wingi. Conservative walikuwa na 24, Liberal Democrats 17, na waliosalia wengi wao walikuwa madiwani wasio na chama, watu wa vijiji vyao. Wote hao wakakaa pamoja, wakaunda utawala wa pamoja, na Amanda Hopgood wa Liberal Democrats akawa kiongozi. Labour, kwa mara ya kwanza tangu 1925, wakaenda upande wa pili wa ukumbi. Ugomvi mmoja uliowaumiza ni jumba jipya la halmashauri lililokuwa linajengwa pale The Sands kando ya mto. Wananchi waliona maktaba na vituo vinabanwa bajeti huku jumba linapanda. Utawala mpya ukaliuza kwa Chuo Kikuu cha Durham.

Kisha ikaja tarehe 1 Mei 2025. Viti sasa vilikuwa vimepunguzwa kuwa 98. Reform UK, chama ambacho miaka minne nyuma hakikuwa na uzito wowote hapa, kikapata viti 65. Liberal Democrats 14, wasio na chama 12, Green 2, Conservative 1. Labour wanne. Hebu rudieni moyoni: wanne. Halmashauri ya kwanza ya Labour katika kaunti za Uingereza, halmashauri ya Peter Lee, na Labour wamebaki watu wa kutosha gari moja dogo.

Kiongozi akawa Andrew Husband. Muda mfupi baadaye, Julai 2025, halmashauri ikalifuta tamko la dharura ya tabianchi lililopitishwa mwaka 2019, na badala yake ikatangaza dharura ya huduma za malezi na matunzo.

Najua baadhi yenu mna hofu. Nimeiona kwenye simu zetu usiku ule wa matokeo. Dada mmoja aliuliza kama afungashe. Chama kile kinasema maneno makali juu ya wahamiaji, na mimi sitawaambia kwamba mmesikia vibaya. Lakini nitawaambia nilichokiona kwa macho yangu. Nina majirani waliokipigia kura, na walewale walinifutia theluji mlangoni nilipokuwa zamu ya usiku. Ukiwauliza kwa nini, hawaanzi na wahamiaji. Wanaanza na basi lililokatwa, duka la mwisho lililofungwa, daktari wa meno asiyepatikana. Mengine wanayoyasema sikubaliani nayo, na nimewaambia. Ila la basi ni kweli, maana na mimi nilikuwa nalipanda.

Na uhamiaji hauamuliwi na halmashauri. Viza ni za London. Halmashauri inaamua mambo mengine yanayotugusa hasa: wazee mnaowatunza wanalipiwa kiasi gani, mtoto mwenye ulemavu anapata usafiri wa shule au hapati, shimo la barabarani, taka, leseni ya teksi, kibali cha kugeuza duka kuwa mgahawa. Sehemu kubwa ya fedha zake huenda kwa watunzwaji, wazee na watoto. Kwa hiyo katika kaunti hii sisi tuko katikati ya bajeti yenyewe, maana ni mikono yetu inayofanya kazi ile. Hiyo dharura ya matunzo waliyoitangaza, sisi ndio tunaoijua. Tukiulizwa imekaaje, tuna la kusema kuliko diwani yeyote.

Sasa la kura, na hapa nitaenda taratibu. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wanaoishi hapa kihalali wana haki ya kujiandikisha na kupiga kura katika uchaguzi wa mitaa, na hata wa bunge, bila kuwa na uraia wa Uingereza. Tanzania imo. Kenya imo. Uganda na Rwanda zimo. Nimekutana na watu waliokaa hapa miaka minane hawajui. Siku ya kura unaonyesha kitambulisho chenye picha, na pasi ya nchi ya Jumuiya ya Madola inakubalika. Mwenye ukaazi wa kudumu anaweza hata kugombea udiwani.

Ndugu zetu wa Kongo na Burundi, nchi zenu hazimo katika jumuiya hiyo, na hadi mpate uraia haki hiyo hamna. Si haki, naona hivyo, maana kodi ya halmashauri mnalipa sawa na sisi. Lakini diwani wa kata yako ni wako hata kama hukumpigia kura. Ukimwandikia juu ya taa ya mtaani, hana sababu ya kukuuliza pasi.

Na vikao viko wazi. Mtu yeyote anaweza kuingia Jumba la Kaunti pale Aykley Heads, lile lililofunguliwa mwaka 1963, akakaa kwenye viti vya wananchi na kusikiliza. Ajenda hutolewa siku kadhaa kabla. Mimi nimekwenda mara tatu. Mara ya kwanza nilielewa nusu, ya pili robo tatu, na ya tatu nilijikuta nimekunja ngumi kwenye mjadala wa mabasi. Nilikaa pale nikamkumbuka Lee akiwa amesimama kwenye mizani, mkono mfukoni, macho kwenye kipimo, huku mtu wa kampuni anajua kabisa kwamba anatazamwa.

Kikao kijacho cha halmashauri kamili nitakwenda tena. Gari langu lina nafasi nne. Mama wa mabonde ya juu apate ya kwanza kwa sababu ya shida ya basi, na tatu zilizobaki anayetaka aje anione sasa hivi, kabla chai haijapoa.